Aurion wa Kiro'o Games: hadithi kubwa kutoka Yaoundé, vita vinavyochosha vidole

Katika vyumba vya michezo ya video vya Lubumbashi, iwe komine ya Kenya au ya Katuba, kinacholipiwa sana ni mpira wa miguu, na wenye vyumba wanaijua biashara yao: mechi huisha upesi, mteja mwingine akakaa. Mchezo wa Aurion: L'héritage des Kori-Odan haufai kwa mahali kama hapo. Unamfaa mtu mwenye kompyuta nyumbani, anayesoma Kifaransa bila haraka na aliye tayari kuifuata hadithi moja kwa majuma kadhaa, umeme ukiruhusu.

Mchezo huo ni kazi ya Kiro'o Games, studio ndogo ya Yaoundé, nchini Kamerun. Olivier Madiba alianza kuutengeneza na wenzake mwaka 2003, angali mwanafunzi, wakitumia RPG Maker, programu ambayo wapenzi wengi wa michezo hujifunzia kazi. Studio yenyewe ilifunguliwa mwaka 2013. Sehemu ya mtaji ilitokana na hisa walizowauzia watu waliowafikia kupitia intaneti. Kisha, mwaka 2015, wakaomba mchango wa euro 40,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, na wakapata zaidi ya walichoomba. Tarehe 14 Aprili 2016 Aurion ukaanza kuuzwa kwenye Steam, duka la michezo la intaneti, kwa kompyuta za Windows.

Hadithi ndiyo inayostahili pesa ya mnunuzi. Enzo Kori-Odan, mrithi wa kiti cha ufalme wa Zama, anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, ambayo pia ni siku ya ndoa yake na Erine, na anayempindua ni Ngarba Evou, ndugu wa bibi harusi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo: adui ametoka kwa wakwe, na mke anayekwenda uhamishoni pamoja na mumewe anamwacha nyuma ndugu yake wa damu. Waandishi hawakulikimbia swali hilo. Erine ana kauli yake, hushauri, hupinga, na vitani uchawi wake humsaidia mumewe. Nguvu iitwayo Aurion nayo hurithiwa kutoka kwa mababu, ila Enzo hana budi kuzunguka dunia akiitafuta na kujifunza kuibeba kabla ya kurudi kudai kiti chake.

Michoro imepakwa rangi kwa mkono wenye subira, na mavazi na majengo yana sura ya Kiafrika ambayo haikuigwa kutoka kwenye kadi za watalii. Mapigano ndiyo yanayonipa mashaka. Kila nguvu ya Aurion ina namna yake ya kupiga, na baadaye nguvu hizo mbalimbali huweza kuunganishwa, jambo linalopendeza kulitazama. Lakini kwa mtumiaji wa kibodi vidole hugongana, na mwendo wa Enzo una ugumu fulani unaochelewesha pigo. Afadhali kutafuta maneti, kile kidude cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, mapema. Mazungumzo pia ni marefu: wahusika husimama wakijadili utawala na wajibu wa mfalme hadi mchezaji anatamani adui atokee. Mimi huyasoma yote, lakini sitamlaumu anayeruka.

Baada ya Aurion, studio iliigeukia simu na kutoa Le Responsable Mboa, ambamo mchezaji ni mtumishi wa serikali anayekabiliana na rushwa. Uamuzi huo una akili, maana katika miji yetu simu ni nyingi kuliko kompyuta, na mambo ya ofisi, mhuri na bahasha hayahitaji kufasiriwa kwa Mlushois yeyote, yaani mtu wa Lubumbashi. Hata hivyo, ni mchezo mdogo, wa kusogeza muda ukiwa kwenye foleni. Mwenye kompyuta aanze na Aurion, kwa Kifaransa. Mwenye simu tu ajaribu Le Responsable Mboa, bila kutarajia humo ukubwa wa Zama.