Betri ya kamera ya kupozwa porini: pima volti kwenye plagi kabla ya kulipa

Wasomaji wanaopiga picha za anga huko Magadi na Samburu wamekuwa wakiniandikia lalamiko moja. Saa mbili usiku kamera imepoa vizuri. Kufika saa nane joto la sensa, kile kipande kinachonasa mwanga ambacho kamera hizi hukipoza ili picha zisijae chembechembe za kelele, limepanda, na betri bado inaonyesha nusu. Wengine wameshaambiwa kamera ni mbovu, wairudishe. Kamera haina kosa. Volti zinazoifikia ndizo hazitoshi, na jambo hili miongozo mingi ya kununua betri hailigusi kabisa.

Kamera kama ZWO ASI533MC Pro na ASI2600MC Pro hupata umeme kwa njia mbili. Sensa hutumia volti 5 za waya wa USB, kipozeo hutumia volti 12 za betri, na kikikaza hufika ampea 3 hivi. Ndiyo maana volti zikishuka kamera haizimi. Inaendelea kupiga picha kama kawaida huku kipozeo kikiwa kwenye asilimia 100 na bado kinashindwa. Nguvu ya kipozeo hupungua haraka kuliko volti zenyewe: zikitoka 12.5 hadi 11, karibu robo ya nguvu imeondoka. Sensa inapanda kutoka nyuzi −10 hadi −6, na zile picha za giza (zinazopigwa kamera ikiwa imefunikwa, ili kuondoa kelele ya sensa) ulizopiga kwa −10 hazifai tena kusafisha kazi ya usiku huo. Unayagundua hayo ukiwa nyumbani, mbele ya kompyuta. Betri ikiisha kabisa angalau unajua palepale.

Volti hupotelea wapi? Kwenye waya na plagi. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 3, ukipitisha ampea 5 za kamera, vipasha vya kuzuia umande na kompyuta ndogo, unameza volti 0.7 kwenda na kurudi. Wa milimita 2.5 unameza 0.2 tu. Wapo wanaouza waya wa alumini uliopakwa shaba juu kwa bei ya shaba tupu, na alumini hupitisha umeme vibaya zaidi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha.

Plagi nayo ni balaa. Ile ya tundu la kiberiti cha gari hushikwa na springi tu, inalegea kila mtambo wa kufuata nyota unapogeuka. Ikate, weka XT60 au Anderson, plagi zinazobana imara. Upande wa kamera, plagi sahihi ni ya milimita 5.5 kwa 2.1. Ipo nyingine ya 5.5 kwa 2.5 ambayo kwa nje huwezi kuitofautisha, inaingia vizuri, kisha inagusa na kuachia usiku kucha. Kamwe usikubali ile ya 2.5, hata muuzaji akuapie.

Sasa mpangilio wangu wa betri, kuanzia bora. Nasema wazi kwamba napendelea kampuni ya Victron, na ya kwanza ni SuperPack yao ya volti 12.8, ampea-saa 60. Ni betri ya LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfati) yenye ulinzi wake ndani, na sehemu kubwa ya usiku volti zake hubaki karibu na 13, kwa hiyo hata waya ukila kidogo kamera inapata haki yake. Karibu na ikweta tuna takriban saa tisa na nusu za giza kamili mwaka mzima. Kwa ampea 4 kwa wastani unahitaji ampea-saa 38, na chaji inabaki. Waya wako ukiwa mrefu, ongeza kigeuzi chao cha Orion-Tr 12/12-9, kirekebishe kitoe volti 13 zisizoyumba, kisha weka fyuzi. Bei inauma, siwezi kukuficha. Lakini maduka ya sola ya Nairobi na Dar es Salaam yanauza Victron na mafundi wanaijua, wakati vifaa vya kampuni za darubini huna budi kuviagiza ng'ambo na kungoja.

Ya pili ni Bluetti EB3A, wati-saa 268, yenye matundu mawili ya DC ya volti 12 zilizodhibitiwa. Inatosha kamera peke yake. Ukiongeza vipasha na mtambo haifiki alfajiri. Zima hali ya kubana umeme, la sivyo itajizima ikiona mzigo mdogo. Na usipitishe kamera kwenye inveta kisha kwenye adapta. Hapo unachoma chaji bure.

Ya tatu, kwa anayesafiri kwa ndege, ni Celestron PowerTank Lithium Pro. Ina wati-saa 158.7, chini ya kikomo cha 160. Kwa kuwa imepita 100, omba ruhusa ya shirika la ndege kwanza, na uibebe mkononi.

Betri ya gari ya risasi ni nzito na volti zake huteremka mapema. Pakiti za lithiamu za seli tatu huanza 12.6 na kuishia 9. Zote mbili, hapana.

Kabla hujatafuta betri kubwa zaidi, punguza mzigo. Kamera hizi hushuka nyuzi 35 hivi chini ya joto la nje. Magadi, usiku wa nyuzi 27, kuidai −10 ni kuitesa. Iweke kwenye 0; kelele ya sensa ya ASI533 kwenye nyuzi 0 bado ni ndogo sana. Nanyuki kwenye baridi, −10 inapatikana bila taabu.

Kinachonikera ni maandishi ya kwenye boksi. Mtu anauziwa "60,000 mAh" akidhani ana ampea-saa 60 za volti 12, kumbe hesabu imefanywa kwa volti 3.7 za seli moja. Hizo ni wati-saa 222, yaani ampea-saa 18.5 kwa volti 12, kabla hata ya kutoa zinazopotea njiani. Wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri na wananyamaza. Ulizia wati-saa, si mAh. Nenda dukani na multimita na balbu ya gari ya wati 55, iwashe kwa betri hiyo dakika kumi, upime volti ikiwa bado inawaka. Muuzaji akikataa usipime, toka na pesa zako.