Kozi ya sauti kuhusu lugha na fikra: kipindi cha tisa ndicho kilichonilipa

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, na kilichonisukuma kwenye kozi hii ya vipindi kumi na viwili ni kosa langu mwenyewe. Mgonjwa alimwambia daktari, "Jirani ndiye aliyenileta, yeye anazijua dawa nilizomeza." Nikaitafsiri ile "yeye" kwa kiume. Daktari akatoka kutafuta mwanamume, kumbe jirani ni mama aliyekuwa amekaa pale pale mlangoni. Kiswahili hakikuniuliza jinsia. Kiingereza kilinidai, nami nikabahatisha.

Kumbe jambo hilo lilishaandikwa. Kipindi cha pili kinamleta mwanaisimu Roman Jakobson, mwaka 1959: tofauti kubwa ya lugha iko kwenye yale ambayo kila lugha inamlazimisha msemaji kuyataja, maana yanayowezekana kusemwa ni yale yale. Nilizima simu nikakaa nalo kwa muda.

Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu wa Marekani, anasimuliwa vizuri pia. Alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto, akaona watu wanavuta sigara karibu na mapipa ya petroli yaliyoitwa matupu, ilhali mvuke uliobaki ndani ni hatari zaidi ya petroli yenyewe. Neno "tupu" liliwatoa wasiwasi. Laiti mhadhiri angeishia hapo.

Badala yake, kipindi cha tatu kinatupa ile hadithi kwamba Waeskimo, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, wana mamia ya maneno ya theluji. Nimekasirika kidogo. Mwanaanthropolojia Franz Boas, mwaka 1911, alitaja mashina manne tu. Tena, lugha hizo hujenga neno kwa kuunganisha vipande, sawa na sisi tunavyosema "hatutapigiana". Ukianza kuhesabu maneno ya namna hiyo, na Kiswahili nacho kina maelfu ya maneno ya kupiga. Mtu anayefundisha lugha hapaswi kuteleza hapo.

Kipindi cha tano ni burudani. Wasemaji wa lugha ya Guugu Yimithirr, kaskazini mwa Queensland huko Australia, hawategemei kushoto na kulia; husema kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, hata kwa vitu vilivyo mezani. Mtafiti wa lugha Stephen Levinson aliwaonyesha vitu vilivyopangwa, akawageuza wakatazama upande wa pili, akapima wanavyoukumbuka mpangilio. Waliukumbuka kwa pande za dira, si kwa kushoto na kulia. Nilijaribu kuishi hivyo siku moja nyumbani. Kufikia mchana nilikuwa nimeshapotea jikoni kwangu.

Kisha kipindi cha tisa, ambacho peke yake kinatosha kulipia kozi. Ni kuhusu ukimya. Mwanaanthropolojia Keith Basso, mwaka 1970, alieleza jinsi Waapache wa Magharibi, wenyeji asilia wa Arizona huko Marekani, wanavyonyamaza mtu anapokutana na mgeni, wachumba wanapoanza kujuana, na wazazi wanapompokea mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni. Wanasubiri kwanza, waone amekuwa nani. Hali zote hizo zina jambo moja: mtu hana hakika na mwenzake. Miaka yote mgonjwa akinyamaza mimi nilikuwa nasema haraka, "Hajajibu." Nani aliniambia hajajibu? Siku hizi nasema, "Amenyamaza," kisha nangoja.

Sauti ni safi isipokuwa kipindi cha saba, ambako feni inavuma mwanzo hadi mwisho. Jaribio la mwisho ni la ovyo. Linauliza kama lugha huamua fikra, nawe uchague ndiyo au hapana, baada ya kutufundisha saa nzima kwamba lugha kuelekeza macho ya mtu si sawa na kumfunga kamba. Nilichagua hapana, nikaambiwa nimekosa.

Nawapa nyota tatu na nusu. Kipindi cha tatu kirukeni. Cha tisa nimeshakirudia mara nne.