Lenzi laini kwa miaka mingi: uzoefu wangu, na konea inavyosema

Nimevaa lenzi laini, zile za kubandika juu ya jicho badala ya miwani, tangu nikiwa chuo, na kila aliyeniuliza nilimwambia hazina shida. Namba zangu ni -3.50 macho yote mawili. Bila kitu machoni siwezi kusoma daladala inakwenda wapi mpaka isimame mbele yangu. Miwani nayo, kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa kwanza, inateleza puani kutwa nzima. Sikuwahi kulala na lenzi, sikuziosha kwa maji ya bomba, na mwezi ukiisha nilitupa na kufungua mpya. Yote niliyoelekezwa dukani niliyafuata.

Kilichonipeleka kwa daktari wa macho ni taa za barabarani. Jioni kila taa ilikuwa imezungukwa na ukungu, na weupe wa jicho ulibaki mwekundu kuzunguka mboni hata baada ya kuvua. Daktari alikataa kunipima siku hiyo. Alinitaka nikae bila lenzi wiki mbili kwanza, kwa kuwa konea, yaani sehemu ya mbele ya jicho, ikivalishwa lenzi kila siku hubadilika umbo kidogo na vipimo vikatoka vya uongo. Duka la miwani lilikuwa likinipima papo hapo baada ya kuvua, na kila mara namba ilipanda kidogo nami nikalipia. Baada ya mapumziko, sehemu ya hilo ongezeko ilirudi chini yenyewe.

Nilipomulikwa kwenye darubini aliona vijishipa vya damu vimeanza kutambaa kuingia kwenye konea. Hapo inafaa kueleza, maana dukani hakuna aliyenieleza. Konea ni ule utando angavu wa mbele ya jicho, unene wake kama nusu milimita katikati, na kwa kawaida hauna mshipa wa damu hata mmoja. Ungekuwa nayo tusingeona vizuri. Oksijeni yake kubwa inatoka hewani, ikiyeyuka kwenye machozi. Ukifunika kwa lenzi unapunguza hiyo hewa. Konea ikipungukiwa inavuta maji na kuvimba, ndiyo ule ukungu wangu wa jioni, na hali ikiendelea miaka, mwili unapeleka damu mahali ambapo hewa haifiki.

“Lakini daktari, haziniumi kabisa.”

“Ndiyo shida yenyewe, dada yangu.”

Konea ina neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, lakini ikivaliwa lenzi muda mrefu hisia zake hupungua. Kwa hiyo zile lenzi nilizozisifu kwamba zimenizoea, sehemu ya raha yake ilikuwa ganzi. Tangu hapo sifa ya “huzisikii kabisa” kwenye tangazo la lenzi hainishawishi tena.

Lenzi zangu za zamani zilikuwa haidrojeli ya kawaida, yaani plastiki laini inayofyonza maji, maji yakiwa asilimia 38. Ni ukoo uleule alioubuni mkemia Otto Wichterle kule Chekoslovakia. Mwaka 1961 alitengeneza za kwanza nyumbani kwake kwa mtambo aliouunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto. Uvumbuzi wa ajabu, siudharau. Ila ndani yake oksijeni inasafiri kwenye maji tu, na maji hayabebi nyingi. Silikoni haidrojeli, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, zinapitisha oksijeni kwenye silikoni yenyewe. Niliyohamia nayo ina maji asilimia 38 vilevile, lakini oksijeni inayopita ni zaidi ya mara tano.

Kipimo cha oksijeni inayopita kwenye lenzi kinaandikwa Dk/t. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walionyesha kwamba lenzi ya mchana inahitaji kama 24 ili konea isivimbe, na ya kulala nayo kama 87. Muulize muuzaji namba hiyo. Wengi watakuonyesha rangi na bei kwanza, usiache kuuliza. Zile za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi bila kupimwa macho, huko hata wa kumuuliza hayupo.

Sasa hizi mpya. Ni za wiki mbili, na siku za mwanzo nilizisikia ukingoni kwa sababu ni ngumu kidogo. Wekundu ulikwisha, ukungu wa taa ulikwisha. Zinashika mafuta upesi, kwa hiyo wanja na krimu vinakuja baada ya lenzi kuingia, na jioni nazisugua kiganjani kwa dawa yake, si kuziloweka tu. Chini ya kiyoyozi cha ofisini zinakauka kufikia alasiri. Kutawadha nazo hakuna tabu, nafumba macho na kukausha uso kabla ya kufumbua. Maji ya simtanki au kisima yanaweza kuwa na amiba wanaokula konea, na hao hawajali lenzi yako ni ya silikoni au la. Wala oksijeni nyingi haijapunguza hatari ya bakteria kwa anayelala nazo. Daktari alilirudia hilo mpaka nikacheka.

Si kila kitu kilirudi. Vijishipa vimekauka damu lakini njia zake zipo, na hewa ikipungua tena zitajaa haraka. Halafu kuna tabaka la ndani kabisa la konea, linalosukuma maji yasijae. Nilipigwa picha yake: seli zilipaswa kulingana kama masega ya nyuki, zangu kubwa na ndogo zimechanganyika. Seli hizo kwa binadamu hazizaliwi upya. Bado zinatosha, nimeambiwa, ila zipigwe picha tena kabla ya upasuaji wowote wa jicho.

Nikifika nyumbani navua, navaa miwani. Bei ni karibu mara mbili ya zile za zamani, na mzigo ukichelewa dukani unaambiwa “njoo wiki ijayo.” Nyota nne kati ya tano kwa mpya. Za zamani nazipa mbili, na zote mbili ni za bei.