Tamasha la mianzi: usiishie jukwaani

Nilikwenda kwa ajili ya muziki, nikarudi na vidole vyenye plasta.

Siku ya kwanza nilijibanza mbele ya jukwaa kama kila mtu. Bure kabisa. Filimbi ya mwanzi sharti uisikilize kwa karibu, usikie na pumzi ya mpigaji. Wenyewe wakaitundikia maikrofoni, na spika zikaigeuza kipenga cha refa. Jukwaa linapata nyota mbili kwangu, na hizo ni kwa sababu ya angklung.

Angklung ni ala ya Wasunda wa Java Magharibi, Indonesia, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Ni mirija ya mwanzi iliyoning'inizwa kwenye fremu, unaitikisa inalia. Kila fremu ina noti moja tu, kwa hiyo mtu mmoja hamalizi wimbo. Watazamaji tuligawiwa. Noti yangu ilikuja mara nne wimbo mzima, nikachelewa mbili. Mama wa pembeni yangu akaanza kunikanyaga mguu kila zamu yangu ilipofika, na kweli nikapatia!

Siku ya pili nikahamia kwa mafundi, na hapo nyota ni tano. Mzee mmoja alisimamisha mwanzi, akaugonga panga kichwani, akausukuma ufa hadi chini, kila fundo likipasuka pa! Ufa ukianza kwenda upande, anaukunja ule upande mnene, wenyewe unarudi katikati. Hakupima kitu. Aliponipa nijaribu ndipo nikajua ukingo wa mwanzi ni wembe. Mzee akacheka, akanitafutia kitambaa.

Lalamiko langu ni moja. Wakati wa kutoka nilinunua kikapu kwa muuzaji wa getini, kizuri, chepesi, bado kina rangi ya kijani. Wiki ya tatu kikaanza kumwaga unga. Wadudu! Mwanzi una wanga, na wanga ndio chakula chao; ukikatwa ungali mchanga, usipotibiwa kwa moshi au maji ya boraksi (chumvi ya madini inayozuia wadudu), wanautoboa. Kwa hiyo uliza umekatwa na umri gani. Fundi wa kweli atakujibu miaka mitatu kwenda juu, tena bila kusita. Mimi niliuliza bei tu.

Kikapu nimekihamishia nje. Kila asubuhi nafagia chini yake.