M1911A1: anayeanza kukusanya anunue ya kiwanda gani?

Bastola hii aliibuni John Browning. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911, na ikabaki viunoni mwa askari wake mpaka Beretta M9 ilipochaguliwa mwaka 1985. Toleo la A1 lilitengenezwa na kampuni tano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jina lililogongwa ubavuni ndilo linalopandisha au kushusha bei.

Kwa anayeanza, naweka kwanza Remington Rand, kampuni ya mashine za kuchapa ya Syracuse, New York. Ilitengeneza zaidi ya 800,000, kuliko wenzake wote, kwa hiyo unaweza kukagua kadhaa kabla ya kutoa hela. Ya pili ni Union Switch & Signal, mafundi wa ishara za reli. Walitoa 55,000 tu, na kwa umaliziaji wao mzuri naipenda kuliko zote. Ila bei yake iko juu. Ithaca, watengeneza bunduki, ni ya tatu. Colt naiweka nyuma kwa sababu jina lake peke yake linakula bajeti.

Singer ni habari nyingine kabisa. Ndiyo, wale wale wa cherehani! Walitengeneza 500 pekee, namba S800001 hadi S800500, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2017 kwa zaidi ya dola 400,000. Ukiuziwa Singer kwa bei ya kawaida, jua jina limegongwa juzi.

Sasa tazama kwa makini. Jina la kiwanda liko kwenye chuma cha juu kinachorudi nyuma, lakini namba iko kwenye fremu, yaani mwili wa bastola wenye mpini. Karakana za jeshi zilipokuwa zikikarabati, zilichanganya vipande bila kujali nani alitengeneza kipi. Hakikisha namba iko ndani ya fungu la kiwanda hicho, kisha tafuta herufi za mkaguzi upande wa kushoto: FJA kwa Remington Rand na Ithaca, RCD kwa Union Switch. Zisipolingana, lipa bei ya bastola iliyochanganywa.

Rangi ya kijivu iliyochakaa mdomoni mwa mtutu isikutishe. Iliyong'arishwa upya ndiyo ya kuogopa, maana thamani yake imesuguliwa ikaisha.

Kwa mlioko Marekani, nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, na mwombeni picha za pande zote mbili. Akisita kupiga picha ya namba, msitume hela.