Uzoefu wangu na Gundam ya Entry Grade: ukianza kukusanya roboti hapa Nairobi, anzia kwa hii

Mimi roboti naangalia viungo kwanza. Taa baadaye, sauti baadaye, na ukubwa wa boksi hata sijali. Mtu akinipa roboti ya kuchezea kitu ya kwanza nafanya ni kukunja goti na kiwiko nione zinafika wapi, halafu naachilia nione kama zitakaa hapo ama mkono utaanguka wenyewe. Kwa hicho kipimo changu hii Gundam RX-78-2 (roboti ya katuni ya Kijapani) ya Entry Grade, yaani daraja la wanaoanza, ya kampuni ya Bandai ya Japani, ndio roboti bora ya bei ya chini nimewahi kushika, na nasema hivo nikiwa nimejaza kabati na za kila aina.

Kwa wenye hawazijui: haiji ikiwa imeundwa. Unafungua boksi unapata fremu za plastiki, vipande vimeshikiliwa na vishina vidogo, unavitoa kimoja kimoja unaunganisha mwenyewe mpaka roboti isimame. Ni modeli zenye zinaitwa Gunpla. Ya kwanza kabisa ilitoka Julai 1980, mwaka mmoja baada ya katuni ya Gundam kuanza kuonyeshwa kwa televisheni Japani, ikauzwa yen 300, na hiyo ilikuwa lazima ubandike na gluu. Siku hizi gluu hakuna, vipande vinabanana vyenyewe na vinashika kweli kweli. Kwa hadithi Gundam ana urefu wa mita 18, hii imepunguzwa mara 144, kwa hivyo inakuja sentimita 12 na kitu hivi, inakaa kwa kiganja vizuri.

Hizi modeli zina madaraja. Kuna HG (High Grade) ilianza 1990, RG (Real Grade) 2010, MG (Master Grade) 1995, na PG (Perfect Grade) 1998, na kadri unavyopanda ndivyo vipande vinakuwa vingi na bei inakuwa ya kukaa chini kwanza ufikirie. Hii Entry Grade ilikuja 2020 na waliitengeneza wakimfikiria mtu ambaye hajawahi kushika modeli maishani, haina stika hata moja, haitaki rangi na haitaki kifaa chochote. Ukishatoa boksi uko tayari kuanza.

Hapo ndo nataka kukaa kidogo manake ndio sababu yangu yote ya kuandika. Kwa modeli za madaraja ya juu kipande unakikata na plaizi ndogo kali, ukikata vibaya kinaachwa na alama nyeupe kama kovu na itabidi usugue na msasa. Kwa hii, kile kishina kinachoshika kipande kimefanywa chembamba sana pale mwisho, unasukuma na kidole gumba, tak, kimetoka, na ukipapasa pale kilikuwa kimeshikana husikii kitu karibu chochote. Na wamepanga vile vishina viangukie upande wenye utafunikwa na kipande kingine ukimaliza. Nilikaa nikageuza kile kifua mara mbili tatu nikitafuta alama sikuiona. Kuna mtu alikaa kwa meza akafikiria kila kishina, kwa kitu cha yen 770. Hiyo inanigusa, sijui niseme aje ingine.

Halafu uso. Roboti nyingi za bei hii macho ni stika ama rangi ya kupuliza imeenda kando kidogo na ukishaiona huwezi kuacha kuiona. Hapa macho ya njano ni plastiki ya njano yenyewe, inatokea kwa nyuma kupitia tundu za uso, kidevu chekundu ni kipande chake, paji la uso chake, unavipanga kimoja juu ya kingine na ghafla kuna mtu anakuangalia. Kichwa chenyewe ni kidogo ukubwa wa harage. Huyo binti wa jirani yangu, wa darasa la tano, ndiye aliunda kichwa cha ile ya pili nilinunua, hakuniuliza hata swali, alifuata michoro tu. Maelezo yameandikwa Kijapani lakini haikusumbui kwa sababu kila fremu ina herufi na kila kipande kina namba, unatafuta A5 unabandika kwa A6, mishale inakuonyesha upande. Alipomaliza akaniuliza, "Anko, hii inatembea?" Nikamwambia haitembei, wewe ndiye unaitembeza. Akakunja goti moja akaipigisha magoti kwa meza, ikakaa hivo, akaridhika.

Na viungo sasa. Goti linakunjika mpaka kisigino kinakaribia paja, kiwiko kinakunja mkono karibu ufike bega, bega lenyewe linasogea mbele kidogo ndio aweze kushika bunduki na mikono miwili bila kuonekana amevunjika, na kiuno kinazunguka. Nyonga ndio hukosea kwa roboti nyingi, unaifungua miguu inateleza inafanya msamba yenyewe. Hii unaiweka imesimama na mguu mmoja mbele inabaki. Imekaa kwa dirisha langu tangu miezi ile ya mvua, matatu za hapo chini zinapita na ile muziki yao mpaka glasi zinatetemeka, na bado imesimama vile niliiacha.

Sasa linganisha na zenye tunapata hapa kwa urahisi. Ukienda Nyamakima ama kule Kamukunji kwa wauzaji wa jumla utapata roboti za bateri, zinatembea, zinazunguka, kifua kinafunguka taa zinawaka na sauti juu. Sizidharau hata kidogo, ninazo, na mtoto wa miaka mitatu hiyo ndio atapenda. Lakini mguu ni kipande kimoja na haukunjiki, na siku mota imekufa umebaki na kipande cha plastiki. Na ukiwa nazo tafadhali toa bateri kabla ya kuziweka, bateri za bei rahisi zinavuja zikikaa, ule unga unakula chuma cha ndani na roboti nzuri inaisha hivo tu. Upande wa mitumba nao, Toi na Gikomba, kuna utamu wake, unachimba kwa rundo la midoli unapata Transformers halisi kwa bei ya soda mbili, shida ni ikikosa mkono hutaupata popote. Naenda bado. Lakini mtu anayeanza nikimwambia aende Gikomba atafute roboti kamili atachoka kabla hajaanza.

Bei. Kwao ilitoka kwa yen 770 na hiyo kwa pesa zetu haifiki elfu moja. Hapa nililipa 2,200 ikiwa mkononi. Najua mtu ataruka, lakini hebu fikiria: kuna nauli ya ndege, kuna ushuru wa forodha, kuna VAT asilimia 16, kuna huyo anayekuagizia naye lazima ale. Niliagiza kupitia kijana mmoja wa mjini anayekusanya oda za watu wengi anazileta pamoja, nikamtumia nusu kwa M-Pesa, nusu nikalipa siku ya kuchukua pale kwa eksibisheni yake Moi Avenue. Ilikaa wiki kadhaa, na kila nikimuuliza alinijibu, na hiyo peke yake kwa Nairobi ni huduma. Boksi lilikuja limebonyea kona moja, ndani hakuna kilichoguswa. Ushauri wangu ni uagize mbili tatu pamoja na rafiki ndio nauli igawanyike, moja peke yake ndio inauma.

Lakini kuna duka lingine mjini, silitaji, liko na kabati la glasi na taa nzuri, wanauza kopi kwa bei ya halisi na ukiuliza wanakuambia "hii ni orijino boss, imetoka Japani". Hapana. Hii ilinikasirisha sana kwa sababu rafiki yangu alimnunulia kijana wake hapo zawadi ya kufaulu mtihani, nilienda kuwasaidia kuunda, kiwiko cha kwanza hakikuingia, cha pili kikaingia kikalegea, plastiki ina mafuta mafuta inanuka, na vishina ni vinene mpaka tukatumia kisu cha jikoni. Kijana alidhani yeye ndiye hajui. Hiyo ndio dhambi ya kopi kwangu, inamfanya anayeanza ajione hana mkono wa hii kazi. Kwa hivyo kabla hujalipa angalia nembo ya Bandai kwa boksi, omba kuona fremu kupitia mfuko wake, jina la Bandai huwa limechorwa kwa plastiki ya fremu yenyewe, na kama muuzaji hataki ufungue boksi uangalie, ondoka tu.

Kitu zenye sijazipenda kwa hii ya Bandai nazo nizitaje. Silaha ni chache, yangu ilikuja na bunduki na ngao basi, ukitaka bazuka na panga za mwanga utafute toleo la silaha kamili, na wauzaji wa huku hawaandiki tofauti, soma picha ya boksi vizuri kabla hujatuma pesa. Mikono pia, viganja havifunguki wala kukunjika, vidole vimeshikana. Na ile mistari ya mwili haina rangi, kwa picha za kwenye boksi inaonekana kali kuliko ukiitoa. Dawa ya hiyo ni peni nyeusi ya ncha nyembamba kutoka duka lolote la vitabu, unapitisha kwa mfereji, unafuta iliyozidi na pamba haraka kabla haijakauka, na ghafla ina kina. Nilifanya kifua na ngao, miguu nikaiacha, na napenda vile imekaa. Ukitaka kulainisha mahali, zile faili za kucha zenye zinauzwa Dubois ni laini na zinafanya kazi vizuri kushinda msasa wa hadiwea, na ni bei ya chai.

Kuhusu kuiweka, vumbi ya huku Eastlands mnaijua wenyewe, na hawa majirani wanaojenga gorofa kila mahali ndio usiseme. Brashi ya poda, ile laini ya kujipaka, ndio natumia, mara moja kwa wiki, kuanzia kichwani kushuka. Maji siweki. Na uitoe kwa jua, plastiki nyeupe ikikaa kwa jua kali inageuka njano na hairudi, hiyo ya dirisha langu iko upande ambao jua halifiki, nilihakikisha. Kabati langu nilitengenezewa na fundi wa Ngong Road, mbao na glasi ya kuteleza, nikamwambia rafu ziwe fupi fupi kwa sababu roboti za sentimita 12 kwa rafu ndefu zinapotea. Alicheka kidogo akaniuliza kama ni za kuuza, nikamwonyesha picha, akaishika simu akaitazama vile goti limekunjwa, akasema hiyo bawaba ni safi. Fundi anajua bawaba.

Watu wananiuliza kwa nini mtu mzima ananunua midoli. Mimi nafanya kazi ya kuandika hesabu za watu siku nzima na jioni nataka kitu ambacho kikiingia kinalia tak na kimeingia. Hii ya kwanza inakula jioni moja, bila haraka, na ukimaliza una kitu kimesimama chenye mikono yako imekitengeneza.

Kama utaiagiza, chukua RX-78-2 kwanza. Kuna Strike Gundam na Nu Gundam kwa daraja hilo hilo, zote safi, Nu ina vipande zaidi na ni refu zaidi, nzuri ya pili. Ukimaliza hizo ndio utafute plaizi ya kukata waya pale Luthuli, ile ndogo ya mafundi wa simu yenye upande mmoja bapa, na uingie HG. Mimi oda yangu ya HG iko njiani, ni Zaku ya kijani, roboti ya maadui kwa hiyo katuni ya Gundam, nikiiunda nitasema viungo vyake viko aje.