Elimu ya uraia shuleni na elimu ya mpiga kura msimu wa uchaguzi: ipi hufanya nini?

Elimu ya mpiga kura hutolewa wiki chache kabla ya uchaguzi, na kazi yake ni finyu: tarehe, kituo, kitambulisho, namna ya kuweka alama na kukunja karatasi. Isidharauliwe. Mwaka 2007 Scotland iliweka kura mbili za bunge kwenye karatasi moja, safu mbili ubavu kwa ubavu. Wapo walioweka alama mbili kwenye safu moja, wengine wakaacha safu nzima tupu. Kura zaidi ya 140,000 zikakataliwa. Kwa makosa ya aina hii, karatasi ya mfano aliyoijaza mtu kwa mkono wake husaidia kuliko mabango kumi.

Elimu ya uraia huchukua miaka. Humo mtu hujifunza nani hutunga sheria, nani hupitisha bajeti, na diwani hana uwezo gani. Anayelijua hilo humuuliza mgombea udiwani anayeahidi kufuta kodi ya mapato: kwa mamlaka yapi? Ila ikifundishwa kwa kukariri vifungu, huyeyuka mtihani ukiisha. Kinachokaa kichwani ni mijadala, na kusoma bajeti halisi mstari kwa mstari. Aliyeacha shule mapema, bila shaka, haimfikii.

Fedha zikitosha moja tu, shule ipewe. Isipokuwa karatasi ya kura imebadilishwa mwaka huo: hapo mafunzo mafupi yatangulie, tena mapema, maana foleni ikishajipanga msimamizi hana muda wa kufundisha.